Kidole Kilichotoka Pangoni

Kabla watu hawajamwita Mama Chekecheke, aliitwa mke wa Sururu, na jina hilo lilimkaa vizuri kama gauni lililokatwa na fundi anayeujua mwili wa mtu. Mumewe alikuwa mchimbaji pangoni. Hakuchimba dhahabu wala mawe ya thamani. Alichimba udongo uliogandamana kama saruji, chini ya wataalamu waliokuwa wakitafuta mifupa ya watu wa kale kabisa, walioishi kabla mtu hajajua kupanda hata mbegu moja. Mtaani walimcheka. "Huyu analipwa kufukua maiti zisizo na ndugu," walisema. Sururu hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Ndugu wanao," alisema. "Tatizo ndugu wenyewe ndio nyinyi, na hamwendi kuwaona."

Waliishi katika nyumba za wafanyakazi, vyumba vimepangana kama meno, ukuta mmoja familia mbili. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya bila kutoka kitandani. Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua, Sururu alipoamka na kuacha shuka jeupe limejaa tope la pango na mavi ya popo, maana jana yake alijitupa kitandani na nguo za kazi, maneno ya mkewe hayakubaki ya watu wawili. Mwanamke huyu hakuwahi kujifunza kumeza neno. Likimjia, linatoka. "Kama unalipenda hilo pango kuliko nyumba yako," alimwambia, "si uhamie hukohuko."

Sururu alicheka. Akavaa buti, akachukua glavu zake za ngozi, zenye viraka alivyoshona huyohuyo anayemgombeza, akatoka. Jirani wa kulia alisikia. Wa kushoto alisikia. Mama yake Sururu, aliyekuwa amekuja kuwasalimu na kulala nyuma ya pazia, alisikia kuliko wote.

Mchana paa la pango likaporomoka.

Walikuwa watatu ndani. Wawili walitoka weupe kwa vumbi, wakasema mwenzao alikuwa nyuma yao. Halafu mmoja akaongeza kwamba labda alishatangulia kutoka, maana hakumsikia akipiga ukelele. Hiyo "labda" ndiyo iliyokuja kumtesa mwanamke kuliko mawe yenyewe. Watu walichimba kumtafuta mpaka pande jingine likaanguka na kumvunja mguu mmoja wa waokoaji, ndipo ikatoka amri kwamba basi. Chumba kile cha juu, walimokuwa wakichimba, kikazibwa kwa seng'enge, na wataalamu wakahamia chumba cha chini, penye mwamba imara.

Msiba bila maiti ni kama moto wa majani makavu, hauna wa kuukalia. Watu walikuja siku za kwanza, wakanywa chai, wakatazamana. Kisha mchuuzi mmoja akasema alimwona Sururu kituo cha mabasi, amebeba begi. Huyo mchuuzi alikuwa mwongo anayejulikana, ila uongo ukija na tumaini mkononi hupewa kiti. Mama mkwe aliupa kiti.

"Mwanangu hajafa," alisema. "Mwanangu amekimbia mdomo."

Tangu siku hiyo hakumwita tena mkwe. Akimtaja, anasema "yule". Yule amepita. Yule amepika nini. Na mama mkwe alipoanza, mtaa ukafuata. Mjane ana heshima yake: watu humpa pole, humwachia nafasi ya kukaa, hupunguza sauti akipita. Aliyekimbiwa hana. Huyo hupewa macho tu, na sauti badala ya kupungua huongezeka. Wangekuwa wamejaliwa mtoto, pengine yule bibi angekuwa na sababu ya kumvumilia. Hawakujaliwa.

Alikaa na hayo mpaka yakamchosha, ndipo akaenda kumwona Daktari, mwanamke mrefu wa miwani aliyekuwa mkuu wa wataalamu. Alimkuta kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mkate.

"Nataka kazi."

"Unajua kazi gani?"

"Kupepeta. Hakuna mwanamke asiyejua kupepeta."

Daktari alimtazama, akajua ni nani, akaacha kutafuna. "Mama, kile chumba cha juu hatutakifungua leo wala kesho."

"Sijauliza chumba. Nimeomba kazi."

Akapewa chekecheke. Lilikuwa chekecheke kubwa la waya, limening'inizwa kwenye miti mitatu nje ya pango. Ndoo za udongo zinaletwa, zinamwagwa, unashika kingo mbili na kutikisa. Vumbi linapita, vinabaki vijiwe, meno ya panya, mifupa ya popo, na mara moja moja sana kitu cha kumtoa Daktari mbio. Daktari mwenyewe ndiye aliyewafundisha kutumia ulimi. Ukiwa na shaka, unapangusa kile kipande na kukigusisha ncha ya ulimi. Jiwe huteleza, mfupa mpya nao huteleza, lakini mfupa wa kale umejaa vitundu visivyoonekana, kwa hiyo hunata ulimini kama mtoto kwenye titi.

Wenzake walikuwa na masihara yao. "Umelamba wangapi leo?"

"Nimemlamba babu yako. Hana chumvi."

Alikuwa hodari. Kitu hakikumpita, hata kiwe kama punje ya mtama, na ndipo lilipotoka jina la Mama Chekecheke. Alilipenda, kwa kuwa ndilo jina la kwanza alilolipata bila kuolewa nalo. Lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye waya na la pili kwenye seng'enge ya chumba cha juu. Kila siku alipita pale, na kila siku alisema moyoni lilelile: sikuwa na maana hiyo.

Sheria ya pale ilikuwa kali. Chochote kilichotoka pangoni ni mali ya serikali, hata jino la popo. Jioni askari wa lango aliwapekua: mifuko, mikunjo ya kitambaa cha kichwa, mpaka nyayo za viatu. Walimwita Pekua, naye akaitika kama aliyebatizwa hivyo. Mwenzao mmoja alifukuzwa kazi kwa kijiwe chenye mng'aro alichotaka kumpelekea mjukuu.

Mwaka wa tisa Daktari akamwita kando. "Tunafungua kule juu. Chini ya yale mawe yaliyoanguka ndipo ilipo sakafu tunayoitafuta. Tukimkuta, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuambiwa."

"Na nitapewa?"

"Polisi watamwangalia, halafu utapewa. Ila mawe ni makubwa, mama. Tutayavunja kidogo kidogo kutoka ukingoni. Huenda isiwe mwaka huu, wala ujao. Na kama hayumo..."

"Yumo."

Sasa shida ilikuwa kwamba mama mkwe hakuwa na mwaka huu wala ujao. Macho yalishaingia ukungu zamani, na sasa miguu ilikuwa imevimba, pumzi inapanda kwa ngazi. Alilala kwa mwanawe mdogo, ambaye alikuwa seremala, na Mama Chekecheke alikwenda kumwogesha kila Jumapili, maana mke wa seremala alikuwa na watoto wachanga. Bibi alikubali kuogeshwa. Ila hakumsemesha. Alikuwa akisema na ukuta: "Yule ana mikono ya baridi." Wakati mwingine: "Mwanangu akirudi, atanikuta nimeoza." Kumwogesha mtu anayekufa na kinyongo juu yako ni kazi nzito kuliko kubeba ndoo za pangoni. Na akifa nacho, nani atakitoa?

Basi siku ikaja. Ndoo ilitoka chini ya ukingo wa lile jiwe kubwa. Mama Chekecheke akaimwaga, akatikisa, vumbi likapita. Katikati ya vijiwe ilibaki pingili ya kidole, ya rangi ya kahawia, na ubavuni ina kifundo kama cha muwa. Ulikuwa mfupa uliowahi kuvunjika ukapona bila kunyooka.

Mikono yake ilisimama. Sururu alikuwa na kidole kidogo cha kushoto kilichopinda. Kilibanwa na mlango utotoni, mama yake akakifunga na kijiti, kikaunga kombo. Usiku mwingi wa ndoa yao mwanamke huyu alilala ameshika kifundo hicho, kama mtu anavyoshika kitasa cha nyumba yake.

Alikiweka kwenye ncha ya ulimi, kama alivyozoea. Kikanata.

Alijua maana ya kunata. Alishawafundisha wageni wengi. Lakini moyo una wakili wake, na wakili wa moyo halali. Wakili akasema, miaka tisa chini ya matone ya chokaa, hata kijiko kingegeuka jiwe. Akasema, hiyo rangi ni ya tope, na panya hubeba vidole. Akasema, na kifundo je, nacho ni cha nani? Basi hakukitoa ulimini. Alikisukuma ndani, akakikalisha kati ya shavu na ufizi, akafunga mdomo.

Langoni Pekua alikuwa na hamu ya soga. "Mama Chekecheke, leo mmetupatia babu gani?"

Akatikisa kichwa.

"Umenuna?"

Akaonyesha shavu kwa kidole.

"Jino? Aa, pole. Weka karafuu." Pekua akapekua mifuko, akapekua kitambaa, akageuza viatu. "Siku Mama Chekecheke anafunga mdomo, na mimi niende zangu likizo. Pita, mama."

Akapita. Mdomo ambao mtaa mzima ulisema hauna kufuli ulifungwa njia nzima, na mate yalikuwa na ladha ya jivu.

Alimkuta bibi kaegemezwa kwenye mto, seremala yupo pembeni anapiga msasa mguu wa kiti. Alikitoa kile kitu, akakifuta kwa nguo yake, akafungua kiganja cha yule mzee.

"Mama. Nimekuja na mwanao."

Vidole vya bibi vilitembea juu ya mfupa taratibu, kama mtu anayechambua mchele gizani. Vikafika kwenye kifundo. Vikarudi. Vikafika tena. Seremala aliacha msasa.

"Nilikifunga mwenyewe," bibi akasema. "Kijiti kilikuwa kifupi. Nilijua ni kifupi, lakini alikuwa analia, nikataka kumaliza haraka."

"Ndicho, mama?"

"Usiniulize kama ndicho. Hii ni kazi ya mkono wangu." Akaufumbata mfupa. "Kumbe alikuwa humo siku zote."

"Humohumo."

"Na mimi nakuita yule." Machozi yake yalikuwa machache, ya mtu aliyekauka. "Wanapekua pale. Umekitoaje?"

"Mdomoni."

Bibi alitaka kucheka, ikatoka kikohozi. "Mdomo huohuo," akasema. "Njoo hapa, mkwe wangu. Kaa hapa."

Watu waliambiwa kwamba familia imechoka kungoja pango, imeamua kumzika Sururu kwa nguo zake. Seremala akatengeneza jeneza.

"Kipimo gani, shemeji?" aliuliza.

"Kipimo cha mtu."

"Kidole kitachezacheza humo kama njugu kwenye debe."

Kwa hiyo wakalijaza. Waliingiza koti lake la harusi, suruali mbili, mashati yote, viatu vya kutokea, mpaka lile shuka la siku ya mwisho ambalo mkewe alilificha miaka yote bila kulifua. Mfupa wakauweka katikati, mahali pa moyo. Daktari alikuja mazikoni, kofia mkononi, akasimama nyuma. Mama Chekecheke alimwona, akainamisha uso. Akakaa msiba wake kwa haki yake, katikati ya wanawake, na wale waliozoea kumpa macho wakampa mahali. Mjane. Hakuna aliyejua jinsi neno hilo lilivyomkaa kama maji kwa mwenye kiu.

Bibi hakumaliza msimu. Alikufa mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkwe wake, na neno lake la mwisho la maana lilikuwa amri: nilazwe ubavuni kwa mwanangu, na pasiwe na nafasi ya kupita hata kuku. Walichimba karibu hivyo hivyo, ubao wa jeneza ukaonekana. Upande wa pili wa Sururu wakauacha kwa ajili ya mkewe.

Mvua zikaja, zikaisha, mawe yakaendelea kuvunjwa. Halafu siku moja Daktari alitoka pangoni kwa miguu yake mpaka kwenye chekecheke, hakumtuma mtu. Akavua kofia.

"Tumempata," alisema.

Mama Chekecheke alishika ukingo wa waya. "Amebaki nini?"

"Yote, mama. Jiwe lilimfunika kama kifuniko. Yupo mzima wote."

Ulikuwa ujumbe wa huruma, na Daktari hakujua kwa nini uso wa yule mama ulibadilika vile.

Polisi walipomaliza, walikabidhiwa kwenye chumba cha nyuma cha hospitali, yeye na seremala, meza ya bati na dirisha dogo. Buti zilikuwepo. Kofia ilikuwepo, imepasuka. Na glavu za ngozi zilikuwepo zote mbili, zile za viraka, zimebana kwenye mikono. Aliitambua sindano yake mwenyewe. Hapo ndipo alipoelewa, kabla hata ya kuangalia: mkono uliovaa glavu hauwezi kuangusha kidole. Miaka yote alikumbuka maneno ya asubuhi ile, na hakukumbuka kwamba mtu alichukua glavu.

Seremala alikata mshono wa kushoto taratibu, akamimina kwenye kitambaa. Pingili zilidondoka moja moja, nyepesi, nyeupe kiasi. Ya kidole kidogo ilikuwa na kifundo.

Walitazama wote wawili. Kwa mbali mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu.

"Shemeji," seremala akasema. "Kidole hiki hapa."

"Nakiona."

"Sasa tulimzika nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyevunjika kidole, kikaunga vibaya." Akakunja kitambaa juu ya pingili. "Wa ile sakafu ya kale. Wa zamani."

Seremala aliketi kwenye ndoo ya takataka iliyopinduliwa. "Mama alimlilia. Mama kalala naye ubavu kwa ubavu."

"Ndiyo."

"Uliweka ulimi?"

Alikuwa mtoto wa mtaa ule, alijua kazi yao. Mama Chekecheke hakumdanganya. "Niliweka."

"Na kikanata."

"Kikanata."

Seremala hakusema zaidi ya hapo, na kwa hilo Mama Chekecheke anamshukuru mpaka leo. Baadaye, wakiwa wanamfunga Sururu, alisema tu: "Hatuwezi kumtoa yule. Ukifukua pale, unamfukua mama."

"Najua."

"Na huyu tutamweka wapi?"

Hapakuwa na pengine. Walimlaza Sururu mahali palipoachwa kwa ajili ya mkewe. Nguo za kumvika hazikuwepo, zote zilishakwenda ardhini na mtu mwingine, kwa hiyo akaazimwa shati la mdogo wake, nalo ni azima isiyorudi. Wako hivyo mpaka sasa: mama, mgeni katikati, na mtoto. Mtaa ulisema vema, nguo zake zilimtangulia, sasa mwenyewe kazifuata.

"Na wewe, shemeji, siku yako?" seremala aliuliza, wanakung'uta udongo mikononi.

"Nitie miguuni kwao. Mimi nimezoea kuokota vya chini."

Angekuwa na bahati, mambo yangeishia hapo. Lakini kule pangoni, chini ya pale alipokutwa Sururu, sakafu ikafunguka, na watu wa Daktari wakaanza kutoa mkono. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mtu wa kale, pingili kwa pingili, jambo ambalo wataalamu huzeeka bila kuliona. Daktari aliupanga mezani juu ya mchanga laini, akawaita wafanyakazi wote waje waone. Ulikuwa mzuri, hata asiyejua aliinama kuutazama. Kwenye kidole kidogo palikuwa na pengo.

"Imekosekana pingili moja tu," Daktari akasema. "Lazima ilipita na ndoo za ukingoni." Akamgeukia Mama Chekecheke, kwa upole wake wa siku zote. "Mama, wewe ndiye jicho langu. Nataka lile lundo lote la udongo uliokwishapita lirudiwe. Utanifanyia?"

Alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kifungo hakikumtisha sana. Alichokiona ni majembe yakishuka kwenye ubao wa yule bibi, na mtaa ukisimama kuangalia.

"Nitachekecha," alisema.

Anachekecha. Lundo ni kubwa kama nyumba, na kila asubuhi anakwenda na ndoo yake, anamwaga, anatikisa, anatafuta kwa makini kitu anachojua kilipo. Nyuma yake wasichana wapya wananong'ona kwamba jicho la Mama Chekecheke limezeeka, ndiyo maana kilimpita. Anawasikia. Zamani alisemwa mdomo, sasa anasemwa jicho, na jina alilolipata kwa jasho lake linapungua kila siku kama udongo kwenye waya. Yeye ambaye hakuwahi kumeza neno, hili kalimeza.

Halafu ikaja amri kutoka juu, kwa sababu mahali pengine mfanyakazi alikamatwa na jino la kale shavuni. Sasa jioni kila mtu wa chekecheke anafungua mdomo langoni. Pekua naye kazeeka, ana tochi ndogo, na anaona haya.

"Samahani, mama. Ni amri tu."

Anafungua. Mwanga unaingia, unapita kwenye meno yaliyobaki, unazunguka mashavu yote mawili.

"Hamna kitu, mama," Pekua anasema. "Pita."

"Hamna," anasema Mama Chekecheke, anafunga mdomo, anapita.